Mshale wa Gia Kwenye Dashibodi: Wakati wa Kuufuata na Wakati wa Kuupuuza

Magari mengi mapya ya manyuo, yaani ya kukanyaga klachi, yana mshale mdogo unaowaka kwenye dashibodi kukuambia upandishe gia au ushushe. Mengine yanaandika namba kabisa: uko ya tatu, weka ya nne. Kuna dereva anayeutii kila unapowaka, na kuna aliyeendesha gari hilohilo miaka yote bila kujua upo. Jibu langu fupi ni hili: mshale wa kupandisha uchukulie kama ushauri, mshale wa kushusha uchukulie karibu kama amri. Yanayofuata ni namna ya kulifanya hilo barabarani.

Kwanza, jua mshale unaangalia nini

Kompyuta ya injini inasoma vitu vichache: injini inazunguka mara ngapi kwa dakika (RPM), gari linakwenda kasi gani, umekanyaga mafuta kiasi gani, na kwenye baadhi ya magari, injini imepata joto au bado. Ikishachanganya hesabu hizo inatafuta gia itakayokula mafuta kidogo kuliko zote kwa mwendo ulio nao dakika hiyo. Basi. Haioni mlima ulio mita mia mbele yako, haioni lori unalotaka kulipita, wala haijui kwamba huko nyuma umepakia magunia ya mahindi na shangazi watatu.

Hata historia yake ni ya mafuta tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati dunia bado inauguza machungu ya bei ya mafuta, Volkswagen ilikuwa na magari ya Formel E yenye taa ya kumwambia dereva apandishe gia mapema, na magari mengi ya manyuo yaliyouzwa Marekani miaka hiyo yalikuwa na taa ya namna hiyo. Umoja wa Ulaya ukaja kuifanya sheria: kuanzia Novemba 2012 kila aina mpya ya gari dogo la abiria la manyuo ilitakiwa kuwa nayo, na kuanzia Novemba 2014 kila gari jipya la namna hiyo lililouzwa huko. Shabaha ilikuwa kupunguza mafuta na hewa chafu. Klachi yako, beringi zako na usalama wako kwenye mteremko havimo kwenye hesabu hiyo.

Wapo walioona hata taa haitoshi. Corvette, gari la kasi la Marekani, ya mwaka 1989 ya gia sita ilikuwa na kifaa kinachozuia gia ya pili na ya tatu ukiwa unaondoka polepole, kinakulazimisha uruke kutoka ya kwanza hadi ya nne, ili gari lipate alama nzuri kwenye vipimo vya mafuta. Wenye magari hayo walikimbilia kukiondoa. Ushauri ukizidi unakuwa kero.

Kwa nini gia ya juu inaokoa mafuta

Hili inafaa ulielewe, maana ukilielewa hutahitaji mshale sana. Gari likienda km 60 kwa saa kwenye tambarare, nguvu inayohitajika kulisukuma ni ileile, uwe gia ya tatu au ya tano. Tofauti ni kwamba kwenye ya tatu injini inazunguka mara nyingi zaidi, na kila mzunguko una gharama yake ya msuguano: pistoni, ringi, beringi, pampu ya oili. Pia injini ya petroli ina kipepeo kinachobana njia ya hewa. Ukikanyaga mafuta kidogo sana, kipepeo kinakuwa karibu kimefungwa na injini inahangaika kuvuta hewa kupitia tundu dogo. Kwenye gia ya juu unakanyaga zaidi kidogo, kipepeo kinafunguka, injini inapumua.

Ndiyo maana ule ushauri wa zamani wa kukanyaga mafuta kwa woga kama njia ya kubana matumizi ni nusu tu ya ukweli. Anayekanyaga kwa uhakika na kupandisha gia mapema hutumia mafuta kidogo kuliko anayekanyaga kiduchu huku injini inalia kwenye ya pili.

Hatua ya 1: Lijue gari lako kwa jaribio la km 50 kwa saa

Tafuta barabara iliyonyooka, tambarare, isiyo na watu, mtu mwingine akae kiti cha abiria na karatasi. Endesha kwa km 50 kwa saa ukiwa gia ya tatu, asome mita ya RPM. Kisha ya nne kwa kasi ileile. Kisha ya tano.

Kwenye gari dogo la kawaida la petroli lenye gia tano utapata kitu kama 2,300 kwenye ya tatu, 1,700 na kitu kwenye ya nne, na karibu 1,500 kwenye ya tano. Lako linaweza kutofautiana. Dizeli na magari ya gia sita yatakuwa chini zaidi. Kama gari halina mita ya RPM, tumia sikio na uandike ulivyosikia: linalia, limetulia, linanguruma kwa chini.

Sasa, ukiwa kwenye ya tano kwa km 50, kanyaga mafuta hadi nusu na usikilize. Magari mengi yatatetemeka kidogo, yanguruma, na kasi isipande. Sakafu ya RPM inayolifaa gari lako kufanyia kazi iko juu ya hapo. Linaweza kukaa hapo likitembea bila mzigo, lakini usilidai nguvu. Mshale mara nyingi utakupeleka hukohuko, kwenye ya tano kwa km 50, kwa sababu wakati unawaka ulikuwa hujadai nguvu yoyote.

Hatua ya 2: Kwenye tambarare, ufuate

Barabara nzuri, injini imepata joto, watu wawili ndani, hakuna haraka: mshale ukiwaka, pandisha. Hapa mshale uko sahihi mara nyingi kuliko mazoea yetu, kwa sababu wengi wetu tulifundishwa na watu waliojifunzia magari ya kabureta, na tunachelewa kupandisha.

Kama gari halina mshale, tumia kipimo hiki: petroli pandisha kabla ya 2,500, dizeli karibu na 2,000. Kwa kasi, ya pili mara tu gari linapochanganya, ya tatu kwenye km 30, ya nne kwenye 45 au 50, ya tano kwenye 60 hadi 70. Ukishafika kasi unayoitaka kwa kutumia ya tatu, si lazima upitie ya nne. Kutoka ya tatu kwenda ya tano kunaruhusiwa na hakuharibu kitu, mradi RPM isianguke chini ya ile sakafu uliyoipata.

Usiangalie mshale unapobadili. Uone kwa pembe ya jicho, na usipouona, acha. Mwanafunzi wa udereva ndiye hasa ninayemwonya: nimekaa na wanaojifunza ambao kwenye kipilefti macho yao yako kwenye dashibodi kusubiri ruhusa ya kuweka ya tatu, wakati bodaboda iko ubavuni. Kwa mwanafunzi ningeziba hiyo taa kwa kipande cha selotepu mpaka sikio lizoee.

Hatua ya 3: Jifunze sauti ya injini iliyolemewa

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo mshale unapokosea kwa gharama yako.

Injini iliyolemewa unaitambua hivi: unaongeza mafuta, gari haliongezi mwendo. Mngurumo unakuwa mzito na wa chini, rungu la gia linatetemeka mkononi, wakati mwingine kioo cha ndani kinacheza. Kwenye petroli unaweza kusikia mlio mkavu mwembamba, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Huo ni mchanganyiko unaolipuka bila mpangilio ndani ya silinda. Kompyuta ikiusikia inachelewesha moto wa plagi ili kuilinda injini, nguvu inashuka, nawe unazidi kukanyaga. Mafuta uliyotaka kuyaokoa yanaondoka kwa mlango wa nyuma.

Uharibifu unakuja taratibu. Kwa RPM ndogo pampu ya oili nayo inazunguka polepole, na wakati huohuo pistoni inasukumwa kwa nguvu kubwa, kwa hiyo ule utando mwembamba wa oili kwenye beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, unabanwa vibaya. Mitetemo inapokelewa na fulaiwili, lile gurudumu zito lililofungwa kwenye krenki. Kwenye dizeli nyingi za kisasa fulaiwili ni ile ya vipande viwili yenye springi katikati, na ikifa, bei yake utaikumbuka. Injini ndogo za petroli zenye tabo (turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi), ambazo siku hizi zimejaa, nazo hazipendi kukandamizwa chini ya 1,500: tabo bado haijashika, na mlipuko usio wa wakati wake hutokea hasa kwenye hali hiyo ya mzigo mkubwa na mzunguko mdogo.

Kwa hiyo kanuni ni moja: ukisikia sauti hiyo, shusha gia, hata kama mshale unakuambia upandishe. Usisubiri.

Kulemewa si sawa na RPM ndogo peke yake. Gari likitambaa kwenye ya tatu kwa 1,300, mguu umegusa mafuta kidogo tu, injini haina shida. Tatizo ni RPM ndogo ukijumlisha na mguu mzito.

Hatua ya 4: Mahali pa kuupuuza

*Matuta.* Umetoka kwenye tuta kwa ya pili, mshale unadai ya tatu, na tuta jingine hilo hapo mbele. Baki ya pili. Kupandisha kwa sekunde tano kisha kushusha tena ni kula klachi bure. Foleni vilevile: gari likisogea kwa hatua za mita kumi, ya kwanza na ya pili zinatosha.

*Kupanda mlima.* Chukua Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula. Uko nyuma ya lori, km 40 kwa saa, gia ya tatu, RPM karibu 1,900. Kona inafunguka kidogo, unapunguza mguu, na mshale unawaka: weka ya nne. Ukiitii utaanguka kwenye 1,400 huku mlima ukiendelea, injini itakufa nguvu, na itabidi urudi ya tatu au hata ya pili katikati ya kona, na basi liko nyuma yako. Kabla ya kuanza kupanda chagua gia utakayomaliza nayo, kisha usahau dashibodi.

Urefu kutoka usawa wa bahari nao una hesabu yake. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Gari lililokuwa jepesi Tanga au Mombasa litaonekana limechoka Mbeya au Limuru. Huko utakaa kwenye gia ya chini muda mrefu zaidi, na si ugonjwa.

*Kuteremka.* Hapa kosa linaweza kuua. Ukiteremka kwenye ya pili au ya tatu, mguu haupo kwenye mafuta, RPM iko 3,000, injini inalizuia gari. Mshale unaona RPM kubwa bila mahitaji ya nguvu, na kwenye baadhi ya magari utawaka ukikuomba upandishe. Ukipandisha, kizuizi cha injini kinapungua, mzigo wote unahamia kwenye breki, breki zinapata moto, na breki zilizopata moto sana hazishiki. Teremka na gia ambayo ungepandia. Iweke kabla mteremko haujaanza, na punguza mwendo kwa breki kwanza ndipo uiweke.

Kuweka gia huru ndiyo mbaya kuliko zote, na bado wapo wanaoamini inaokoa mafuta. Kipande cha Salgaa hadi Sachangwan, barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, kilijulikana kwa miaka mingi kwa ajali za malori, na kushuka na fri, yaani gia huru, ni sababu iliyotajwa sana. Na mafuta yenyewe hayaokolewi: kwenye injini za EFI, yaani zinazopuliziwa mafuta kwa kompyuta badala ya kabureta, ukiachia mafuta huku gia iko ndani, kompyuta hufunga kabisa nozeli hadi RPM ikaribie ya sailensa, yaani ile ya injini inayounguruma bila kukanyagwa mafuta. Ukiweka fri, injini inabidi ijizungushe yenyewe kwa mafuta. Kwa maneno mengine, aliye kwenye gia anateremka bure, aliye kwenye fri analipa.

*Kupita gari jingine.* Barabara ya Chalinze hadi Segera, unafuata trela kwa km 60 ukiwa ya tano kama mshale ulivyopenda. Unataka kupita. Weka ya tatu au ya nne ukiwa bado nyuma ya trela, uhakikishe injini inavuta, ndipo utoke. Mshale utalalamika muda wote uko upande wa pili. Uache ulalamike mpaka urudi upande wako.

*Mzigo na kiyoyozi.* Gari la cc 800 au 1,000 likiwa na watu watano, ac imewashwa, mchana wa Dar es Salaam, halina akiba ya kutosha kupandisha mapema. Ongeza RPM 300 hadi 500 juu ya pale mshale unapowaka. Ukivuta tela, ongeza zaidi.

*Injini ya baridi.* Asubuhi dakika za kwanza usiipige resi, lakini pia usiilemee. Kati ya 1,800 na 2,500 panatosha.

*Utelezi.* Kwenye tope au mchanga, kubadili gia katikati ndiko kunakokwamisha. Ingia na ya pili, toka na ya pili.

Hatua ya 5: Mshale wa kushusha

Si kila gari linao. Taa za zamani zinajua kupandisha tu. Lako likiwa nao, utii haraka, maana kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili ya kubana mafuta haikuambii uongeze RPM isipokuwa imeona umekandamiza mguu na hakuna kinachotokea. Ukiuona huo mara kwa mara, ujue unapandisha mapema mno au unabeba kuliko gari linavyoweza.

Kuna tofauti moja: unapokaribia kusimama kwenye taa za barabarani. Unapunguza mwendo kwenye ya nne, mshale unaomba ya tatu, kisha ya pili. Unaweza kubaki ya nne, ukatumia breki, na kukanyaga klachi karibu na kusimama. Pedi za breki ni rahisi kuliko klachi pleti, na fundi hahitaji kushusha giaboksi kuzibadilisha. Barabara ikiwa ya mteremko, rudi kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 6: Pima mwenyewe

Usiamini mshale wala mimi. Jaza tenki mpaka pampu ikate, sifurisha mita ya safari, endesha njia yako ya kila siku kwa mtindo uliozoea mpaka tenki likaribie robo. Jaza tena kwenye pampu ileile mpaka ikate, gawanya kilomita kwa lita ulizoweka. Mfano: km 400 kwa lita 32 ni km 12.5 kwa lita. Tenki linalofuata, fuata mshale kwenye tambarare na uupuuze pale nilipokuonyesha. Tenki moja moja linadanganya, kwa sababu foleni ya wiki hii si ya wiki ijayo, kwa hiyo rudia angalau mara mbili kila upande kabla ya kusema umepata jibu.

Kama njia yako ni lami ndefu ya wazi na ulikuwa mtu wa kuchelewesha gia, utaona tofauti. Kama ni mjini na foleni kuanzia asubuhi hadi jioni, tofauti itakuwa ndogo, kwa sababu huko mafuta yanaliwa na kusimama na kuondoka. Hapo angalia upepo wa matairi kwanza, kisha eya klina, kisha ule mzigo uliousahau kwenye buti.

Mshale ukikukera, tafuta kwenye menyu ya dashibodi, baadhi ya magari yanaruhusu kuuzima. Usikubali fundi akuchomolee fyuzi kwa ajili yake. Fyuzi ya dashibodi ina kazi nyingine nyingi, ikiwemo taa ya oili.